Siti Iliyopanda Yenyewe

Mtaani walimwita Macho Nyuma, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Mtu anayepeleka maziwa kwa baiskeli miaka ishirini na mitatu, na kila baada ya mwendo mfupi anageuza shingo kutazama kama madebe yake mawili bado yapo kwenye keria, utampa jina gani? Madebe yenyewe yamefungwa kwa mipira minne, na hayajawahi kudondoka. Lakini yeye husema, "Kisichodondoka jana huenda leo kinajifunza."

Kila asubuhi alichukua maziwa zizini, bondeni, akayapeleka hospitali. Na hospitali waliijenga juu kabisa ya kilima, labda ili wagonjwa wapate upepo, Mungu ndiye ajuaye. Njia ya kupanda ina kona tatu, na ya pili ndiyo yenye kisirani. Macho Nyuma alikuwa akianza chini kwa mbio kama aliyefukuzwa na nyuki, anasimama juu ya pedali, baiskeli inayumba huku na huku, maziwa yanapigana ndani ya madebe. Akifika kona ya pili, pumzi hana na magoti yanawaka moto. Hapo hushuka akasukuma.

Zamani kusukuma hakukuwa na neno. Mwaka huu magoti yakaanza kumsaliti, na jiko la hospitali likapata msimamizi mpya, mama mmoja wa sauti ya chini, asiyetaka uji wa wagonjwa ungoje mtu. Kengele ya jikoni hulia saa moja kamili. Macho Nyuma akachelewa mara mbili katika wiki moja.

"Baba," mama yule akamwambia, akifunua debe na kutazama povu, "haya ni maziwa, au umenianzishia siagi?" Kisha akasema bila kucheka, "Ukiachwa na kengele siku moja tu nyingine, basi. Mtu wa mikate ana nafasi kwenye keria yake. Atabeba na maziwa."

Mtu wa mikate! Huyo alikuwa shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mkewe, mwembamba kama spoki, na tenga la mikate mgongoni mwa baiskeli refu kuliko yeye. Jambo moja la huyu shemeji lilimkosesha Macho Nyuma raha: hakuwahi kushuka. Alianza kilima taratibu, taratibu hata mbuzi angempita, ameketi tu, mdomo kaufumba. Kwenye kona ya pili alikata barabara kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, kama nyoka, na mara unamwona yuko juu.

"Yule ana dawa," Macho Nyuma alimwambia mkewe. "Au anashika malori."

"Malori gani yanapanda kule asubuhi yote ile?"

"Ndiyo maana hatuyaoni."

Siku moja shemeji alimkuta kwenye kona akisukuma. Akapunguza mwendo.

"Shemeji, mlima haupandwi kwa hasira. Halafu siti yako iko chini mno, unapiga pedali kama mtu aliyechuchumaa. Nikupandishie kidogo?"

"Siti hii imesomesha watoto wanne."

"Basi wamemaliza shule. Nayo ipandishe darasa."

Macho Nyuma hakucheka. Mtu anayetaka kazi yako akikupa ushauri wa bure, uugeuze kwanza uone chini yake kuna nini. Na siti ile kuwa chini ilikuwa na sababu. Alijifunza baiskeli ukubwani, akaanguka na madebe mbele ya watu, maziwa yakatiririka hadi mtaroni, paka wakaalikana. Tangu siku hiyo alitaka nyayo zake zote mbili zifike chini akiwa ameketi. Mtu asiyegusa ardhi, alisema, hana pa kukimbilia. Akachora alama kwa msumari kwenye bomba la siti, pale pale, isihame.

Basi wiki zikapita, na ajabu, akaacha kuchelewa. Akawa anaivuka kona ya pili kabla ya kushuka, magoti yakitetemeka tu badala ya kuwaka. Akaisifu dawa mpya ya kuchua. Hadi asubuhi moja aliposimama zizini, akateremsha mguu, na kisigino hakikugusa ardhi. Akainama. Alama ya msumari ilikuwa imepanda juu ya nati vidole vitatu vizima!

Jasho likamtoka kabla hata ya kilima. Baiskeli hulala ukumbini kwake, karibu na mlango wa jikoni. Na kila Jumapili mchana, yeye akiwa kalala, ni nani anayekuja kunywa chai? Shemeji. Kumbe anapandisha siti polepole, ili siku moja Macho Nyuma akose pa kukanyaga, aanguke mbele ya jiko la hospitali, na madebe yahamie kwenye keria nyingine. Hakuishusha. Mwizi humtishi kabla hujamkamata.

Jumapili ile alikwangua masizi chini ya sufuria, akaipaka nati yote, kisha akajilaza chumbani akakoroma kwa bidii. Alipoamka, maana kweli alikuwa amepitiwa na usingizi, shemeji yupo mezani na kikombe. Macho Nyuma akampa mkono. Akaugeuza, kiganja juu, akautazama. Akaomba na wa kushoto.

"Vipi, shemeji, unanisomea bahati?"

Mikono myeupe kama mikate yake. Macho Nyuma akaketi, amechanganyikiwa, mkewe akamletea sahani ya chakula. Pembeni mwa sahani, wazi kabisa, palikuwa na alama ya dole gumba. Nyeusi tii.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama watoto," akasema polepole, "hebu nyoosha kidole."

Mkewe akakitazama kidole, akautazama uso wa mumewe, akacheka hadi akaegemea mlango. "Kidole kimoja kila Jumapili. Leo nilikuja kuongeza cha nne, nikaona nati imechafuka, nikaiacha."

"Mdogo wako amekutuma!"

"Kanipa spana na kunionyesha. Magoti ni yangu mimi, maana ndimi ninayeyachua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie? Nilikuambia ukapime macho, ukaniuliza daktari ananilipa nini."

Shemeji alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama aliyeangusha kitu humo. Macho Nyuma akainuka, akaichukua ile spana, akairudisha siti hadi kwenye alama ya msumari, akakaza, na spana akaitia mfukoni. Chakula kikapoa.

Jumatatu akaanza kilima kwa mbio zake za zamani. Hata kona ya kwanza hakuimaliza. Magoti yaliwaka kama yaliyotiwa pilipili, na dawa ya kuchua ilikuwa ile ile, usiku aliipaka maradufu. Akasimama kando ya barabara. Chini aliona tenga la mikate linakuja, taratibu, mbuzi angelipita. Juu, moshi wa jiko la hospitali. Akafikiri kidogo. Kisha akatoa spana mfukoni, akalegeza nati, akapandisha vidole vitatu, akakaza.

Akapanda. Akaketi. Hakuharakisha. Alikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti likanyooka karibu lote, likakunjika bila kelele. Kwenye kona ya pili akakata kwenda ukingo wa kulia, akarudi wa kushoto, kama alivyomwona yule nyoka akifanya, macho yake kwenye lami iliyo mbele ya gurudumu. Shingo ilimwasha itazame nyuma. Akaiambia ngoja. Akitazama nyuma pale, atayumba, na akiyumba atashuka. Madebe yakawa kimya mgongoni, kimya cha kutia wasiwasi, naye akayaacha.

Mama wa jikoni alikuwa ameshainua nyundo ya kengele alipomwona anaingia lango akiwa juu ya baiskeli. Akamngoja afike. Akafunua debe.

"Leo yametulia," akasema, ndipo akagonga.

Nyumbani Macho Nyuma hakusema asante. Aliiweka spana juu ya meza tu, akaomba chai. Lakini Jumapili iliyofuata, mkewe alipojilaza, alitoka kwa nyatunyatu hadi ukumbini, akalegeza nati, akaongeza nusu kidole. Akageuza shingo kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Kaza vizuri, baba," sauti ikatoka chumbani.