Nilivyoifuata Shikamoo Korogwe

Kilichonitoa kijijini kwetu Misima ni shikamoo. Msicheke. Binti yangu Zainabu, ambaye macho yake yamefifia mpaka sasa anaona mwanga tu, alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika sekondari moja ya bweni Korogwe, akakataa katakata kwenda, tranka la shule nililomnunulia likabaki limefungwa kwa kufuli. "Hapa kijijini kwenyewe naitwa mjeuri, mama," aliniambia. "Huko ugenini je?" Na kweli. Watu wazima wanapita mbele yake kimya, hawaamkiwi, wananuna. Jirani yetu Bibi Mwanahawa ndiye kinara wa kununa. Alishaacha hata kukanyaga kwetu. Siku za kuripoti zilikuwa zimekaribia. Nikasema nakwenda mwenyewe kuiona hiyo shule, nije nimwambie mwanangu la kweli.

Asubuhi na mapema nilipanda bodaboda hadi Handeni mjini, vumbi likanipaka mpaka kope. Stendi nikapata basi la Korogwe, nikakaa na mama mmoja wa Kisambaa aliyekuwa akirudi kwao baada ya kuuza mapeasi. Mimi mdomo wangu haukai, nikamuuliza kama anaijua ile shule.

"Yenye watoto wa fimbo nyeupe? Wanakuja sokoni wenyewe," alisema. "Na kuomba punguzo wanakushinda wewe!"

Tukacheka. Lakini wasiwasi haukunitoka, maana kujua kununua nyanya siyo kuishi na watu.

Mashamba ya mkonge yalipoanza kuonekana, na milima ya Usambara nyuma yake, nikajua tumefika. Nilishuka Old Korogwe, nikauliza njia, nikaingia shuleni jua likiwa utosini.

Pale ofisini nilipokewa na Mwalimu Pili, mwalimu wa elimu maalumu, mama mwenye kicheko cha karibu. Nikaanza maswali yangu. Chooni atafikaje? Akanionyesha kingo za matofali kando ya njia, ambazo fimbo inazifuata. Ramani za Jiografia je? Akaniambia nifumbe macho, akaniwekea vidole juu ya ramani iliyobandikwa uzi, nikaufuata mto Pangani mpaka baharini. Jamani! Na mitihani? "Anaongezewa muda." Na zile mashine za nukta nundu, za kuandika maandishi ya kusoma kwa vidole, kila mtoto anayo?

"Sitakudanganya, mama. Hazitoshi. Wanapokezana."

Nilimpenda kwa kusema ukweli huo.

Tulipotoka kwenda mabwenini, tulikutana na msichana wa kidato cha tatu, fimbo nyeupe mkononi. Nikasimama mbele yake nikingoja shikamoo yangu. Kimya. Nikaanza kununa, mimi mama yake Zainabu!

"Mwalimu Pili hapa," mwalimu akasema. "Niko na mgeni, mama mtu mzima kutoka Handeni."

"Shikamoo mwalimu! Shikamoo mama! Za safari?"

Mwalimu akanieleza kwamba pale shuleni anayemkaribia asiyeona anajitaja kwanza, awe mwalimu mkuu au mpishi. Na anayeondoka anaaga, ili mtu asiachwe anaongea na upepo. Bado anaeleza, msichana mwingine akapita akijikoholesha: "Rais wa nchi hapa!"

"Rais gani anaburuza ndala, Salma? Hebu pita!" yule wa fimbo akajibu, wakaangua kicheko wote wawili. Nikawaza, kumbe mwanangu hana ujeuri wowote, ni sisi tunaompita kimya.

Jioni, nikirudi, kabla ya kufika kwangu nilipiga hodi kwa Bibi Mwanahawa. Nikamweleza yote niliyoyaona.

"Mimi na mvi hizi nianze kujitaja kwa mtoto?" akafoka.

"Ndiyo, bibi. Jitaje tu, utaamkiwa."

Nikaenda zangu nyumbani, na mlangoni nikasema, "Ni mimi, mama yako." Zainabu akatabasamu. Alisikiliza habari zote, akacheka ya ndala, kisha akasema taratibu, "Huko ni kwao, mama. Nikirudi likizo, hapa ni palepale."

Asubuhi yake tulikuwa uani tunachambua choroko. Bibi Mwanahawa akatokea, akasimama kimya, midomo ameikaza. Nilitamani kusema, nikajizuia, na mnajua ilivyo kazi kwangu.

Akakohoa. "Ni mimi," akasema. "Bibi yako Mwanahawa."

Zainabu aliinuka ghafla, ungo ukapinduka, choroko zikatapakaa chini. "Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba." Mimi nililia, wala sikujificha.

Akakaa, wakaongea mpaka chai ikapoa. Alipoinuka alisema, "Haya, naondoka mimi," na hilo la kuaga hakuna aliyemkumbusha. Zainabu akasikiliza kandambili zake mpaka zikapotea njiani, ndipo akanigeukia.

"Mama, ufunguo wa tranka uko wapi?"