Sokoni Bila Kikapu

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe kabla hatujaona kikombe wala mkono. Televisheni yetu pale Kirumba ilikuwa na tabia hiyo: sauti ilitangulia, picha ikaja baadaye taratibu, kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa ziwa. Hata leo nikisikia kijiko kikigonga kikombe, narudi kwenye Jumapili ile mchana, harufu ya dagaa ikipanda kutoka soko la samaki la Mwaloni, nami nimekaa mkekani katikati ya wazazi wangu.

Filamu ilikuwa ya Kijerumani. Baba, mwalimu wa kwaya, aliwahi kusomea kinanda huko Ujerumani, na rafiki yake wa zamani ndiye aliyemtumia filamu hiyo. Haikuwa na muziki wala ngumi. Mume, mke na binti yao walikunywa supu. Theluji ilianguka dirishani. Wakanywa supu tena.

"Hawa wamefiwa?" mama aliuliza.

"Hapana. Ndivyo walivyo."

"Basi wamefanana na sisi."

Nilicheka. Mama hakucheka. Tangu Pasaka alikuwa akisema atarudi kwao Kamanga, ng'ambo ya maji, maana katika nyumba ile alijisemea peke yake. Kila aliposema hivyo, baba alimwomba chumvi.

Lakini siku ile baba aliongea kuliko siku zote, kwa kuwa alitutafsiria. Yule mke alisema maneno mengi, ya taratibu, machozi yakimlengalenga, na baba akasema, "Anasema supu imepoa." Mwishoni mke akavaa koti, akatamka kitu mlangoni, akatoka.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Baba alikohoa. "Anakwenda sokoni. Atarudi jioni."

"Sokoni bila kikapu?"

Baba akainuka, akazima televisheni.

Nilikuja kuiona tena filamu hiyo ukubwani, ikiwa na maandishi chini ya picha. Yule mke hakutaja soko wala jioni. Alisema amechoka kula na watu wasiomwona. "Atarudi" lilikuwa neno la baba mwenyewe. Ukiacha chumvi, ndilo ombi pekee nililowahi kumsikia akimwomba mama, na alilipitisha kinywani mwa mke wa mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata mama alivaa kitenge chake cha kanisani.

"Baba Koku," akasema, "naenda sokoni."

Kikapu kilikuwa mkononi, kimefunikwa kanga, nacho kilikuwa kimejaa tayari. Mimi nilishangaa hilo tu: kikapu kwenda sokoni kimejaa. Kule chini honi ya kivuko ililia. Baba alikitazama kikapu kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atakifunua.

"Usisahau chumvi," akasema.

"Chumvi ipo, Baba Koku. Ipo palepale."

Mama akaniwekea kiganja kichwani, kikakaa hapo kidogo. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kama tunavyoufunga mtoto akiwa amelala.