Gauni la Manjano Ufukweni Rasbura

Wiki iliyopita, mnadani Lindi, niliona magauni ya watoto ya mtumba yakining'inia kwenye kamba, nikashindwa kupita.

Nilikumbuka siku moja ya utotoni, nilipokuwa sijaanza shule. Meli ya abiria ilikuwa imezama, na nguo zilizoletwa na maji watu wa Rasbura walizitundika kwenye kamba ufukweni, ndugu waje wazitambue. Mimi hilo sikulijua. Niliona mnada usio na kelele, wenye harufu ya dizeli na mwani. Aliyetambua nguo ya mtu wake aliitungua kimya, akaenda nayo nyumbani kuanza matanga.

Mama alipokuwa akiitungua kanga ya mdogo wake, nilivuta gauni la manjano nikalivaa juu ya langu. Lilikuwa limelowa, tena baridi.

"Mama, hili linanitosha. Ninunulie."

Bibi mmoja tusiyemjua aligeuka. Alipiga magoti, akanishika mabega, akaninusa utosini kwa muda mrefu. Mama alinyoosha mkono anivute, kisha akaurudisha.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Livue. Mwenyewe atakuja kulitafuta."

Alilitundika tena, akalinyoosha mikono na kola, akaondoka mikono mitupu. Nilidhani halikuwa la mtu wake. Leo najua kwamba kulitungua kungekuwa kumzika mtoto.

Alasiri tulipoondoka, nguo chache zilizosalia zilikuwa zimekauka. Gauni lile lilikuwa bado linadondosha maji.