Mama Aliyechoma Michoro

Nilikuwa nachora mabango ya saluni na maduka ya dawa huku Kabondo, mjini Kisangani, wakati bwana mmoja alipofika kutoka Kinshasa na kompyuta zake, na skafu shingoni katika joto hili letu. Alisema anatengeneza mchezo wa video kuhusu msichana wa Kisangani anayekua mpaka anakuwa msanii. Mchezaji angemwongoza, angemchagulia maneno ya kusema na njia ya kufuata. Mimi nilitakiwa kuchora mahali: nyumba, soko, mto.

Alipenda sana neno "création", yaani ubunifu. Alilitamka akiwa amefumba macho. Penseli sikuwahi kumwona ameishika.

Nilichora vizuri, sioni haya kusema. Nilichora nyumba yetu yenye mlango wa buluu, na maporomoko ya mto nyuma yake, mitego ya samaki ya papa, baba yangu, ikining'inia juu ya maji. Bwana akasema ni nzuri ila haina maumivu. Akataka kujua wazazi wangu walinipiga vipi kwa sababu ya kuchora. Nikamwambia hawakunipiga. Papa alinipa makaa nichore ukutani, akalalamika tu kwamba samaki wangu wana mapezi machache. Mama anauza samaki wa moshi. Kwa michoro niliyoiharibu aliwafungia wateja samaki, na hakuna aliyelia.

Alinisikiliza kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Non, ma sœur," akasema. "Artiste lazima wamukatae kwanza. Bila ile, hakuna histoire, hakuna hadithi."

Basi akatunga mama anayechoma michoro ya binti yake uani. Nilikataa kumchora. Akamtafuta mchoraji mwingine huko kwao, naye akamsimamisha mama huyo na moto wake mbele ya mlango wetu wa buluu. Mimi sikuambiwa. Niliona siku ya maonyesho, pamoja na watu wote.

Ilikuwa mchana, katika ukumbi wa parokia. Mama alikuja amevaa kitenge chake cha Pasaka. Bwana mwenyewe alicheza, picha zikiwa zimemulikwa ukutani, kubwa. Michoro ikaungua. Msichana akalia. Mwishoni mchezo ukamtaka mchezaji achague: msichana apande ndege au abaki. Watu wa nyuma wakasema abaki. Bwana akabonyeza abaki, na ukuta mzima ukawa mweusi, na maneno ya Kifaransa yakatangaza kwamba ndoto imekufa. Bwana akacheka kidogo, akarudi nyuma, akachagua ndege. Muziki ukapanda, na wageni wa viti vya mbele wakapiga makofi.

Mama hakupiga. Bwana alimwona, akaja kumuuliza kama ameguswa.

"Ule mama iko na akili kweli?" mama akasema. "Moto yote ile, na hakutia hata sufuria juu."

Ukumbi ulicheka. Bwana akawageukia wageni, akawaeleza kwa Kifaransa kwamba mama huyu hajaelewa ishara.

Nikasimama. "Ameelewa. Ile nyumba iko ya kwetu, na hapo hakuna mutu alichoma kitu. Toa michoro yangu."

Akasema haiwezekani, kazi imekwisha. Nikamwambia basi afute jina langu. Hilo alilifanya upesi, bila hata kubisha, maana sasa kazi yote ilibaki yake. Nasikia mchezo ulisafiri mbali, na huko wanamsifu kwa jinsi anavyoijua roho ya mto wetu. Mto wenyewe aliutazama dirishani, akiogopa mbu.

Njiani mama aliuliza yule msichana akibaki anafanya nini. Nikasema hafanyi kitu, giza tu. Akafyonya, akaanza kuzungumza habari za chumvi ya samaki wake.

Bwana alirudi tena kutafuta mchoraji. Alinikuta juu ya ngazi, napaka ukuta wa zahanati ya wazazi: mwanamke mwenye mimba, mkubwa kuliko mlango. Akauliza kwa huruma kama bado nachora.

Brashi ilikuwa mkononi. Nilimwomba asogee, alikuwa ananizibia mwanga.