Milango Minne Hadi Malindi

Kaka yangu ana gari la mbio lenye milango miwili na dharau ya kuwatosha watu kumi. Kisiwani kwetu Amu hatuna pa kupitisha magari, basi huliweka Mokowe, ng'ambo barani, na kuvuka maji kila Ijumaa kulifuta vumbi. Niliponunua langu kuukuu Mombasa, la watengenezaji walewale ila lenye milango minne, alisema wamejiaibisha. Kwake lilikuwa sawa na mshambuliaji kuingia uwanjani na kanzu. Gari la mbio si la kubebea masufuria. Nilimjibu kwamba fundi anayejua kuunda mwendo hapungukiwi na kitu akiwakumbuka na wanaokaa nyuma. Tulibishana hivyo kwetu mtaani Langoni hadi birika likakauka, na hakuna aliyekubali.

Kisha mdogo wetu akaolewa Malindi. Bibi, aliyemlea tangu mama alipotutoka, alitaka jambo moja tu: ampeleke kwa mkono wake mwenyewe. Basi la abiria magoti yake hayakuliweza. Heshima ya kumbeba bi harusi ikamwendea kaka, mkubwa wetu. Mimi nikapewa masanduku.

Chombo cha majini hatukikanyagi kabla ya kukikagua, lakini gari la kaka tulilikagua kwa mng'ao wake tu. Asubuhi ya safari, pale Mokowe, kiti cha mbele kikakunjwa ili Bibi apite nyuma. Aliingiza kichwa, bega, mguu mmoja, akakwama, buibui limenasa, wapagazi wanatazama. Kaka alimwomba akae mbele. Akakataa: anayempeleka bi harusi hukaa ubavuni mwake. Tulipomtoa alikuwa anatweta.

"Nirudisheni Amu," alisema. "Mwambieni mama mkwe wa huyu nimeshindwa."

Nilikasirika, wala sifichi. Nikatupa masanduku chini, nikafungua mlango wa nyuma wa gari langu hadi mwisho. Bibi akakaa kwanza, kisha akaingiza miguu, mmoja baada ya mwingine, bila kusaidiwa. Bi harusi akazunguka, akaingia kwa mlango wake. Masanduku, pamoja na masufuria ya zawadi kutoka kwa shangazi yetu, yakasukumwa ndani ya gari la kaka.

Tulipopita Witu barabara ilikuwa nyeupe. Nilikuwa nikienda polepole, nikichelea magoti ya Bibi, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Ndia iko wazi, mwanangu. Kanyaga, wenye masanduku wasiye wakatutangulia."

Nikakanyaga hadi pale sheria inaporuhusu, na injini ikaitika vizuri mno. Bibi alicheka mpaka Garsen. Sijawahi kuipenda mashine yoyote kama nilivyolipenda gari lile siku ile.

Malindi, vigelegele vikiwa vimepamba moto, mlango wa nyuma ulifunguka kwa ndani. Bibi alitoa miguu yote miwili, akasimama, akanyoosha buibui. Alimshika mdogo wangu, akatembea naye hadi mlangoni pa nyumba, akauweka mkono wa bi harusi katika mkono wa mama mkwe.

"Huyu ni wangu," alisema. "Nimekuya mwenyewe kukupa."