Safari ya Sydney Kutafuta Ukocha Mkuu

Nilikwenda Sydney kutafuta cheo. Ndugu zangu wa Kigoma mkiniuliza huko Australia nilifuata nini, jibu ni hilo, sina la kulipamba. Kwa miaka kumi na saba nimekula mkate wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana vifua, ambao kule Marekani huchezwa na vyuo mbele ya umati mkubwa kuliko wa kanisani. Mimi ni kocha wa mashambulizi. Kocha mkuu ndiye sura ya timu. Mimi hukaa juu, nyuma ya kioo, nikiamua mpira upite wapi. Tukishinda, anayebebwa mabegani ni yeye. Tukishindwa, magazeti yanauliza kocha wa mashambulizi alikuwa anafikiria nini.

Tena ni kazi ya kuhamahama. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake wote wanafungasha siku hiyo hiyo. Nimepita vyuo vitano. Mke wangu alivumilia vitatu, kwenye cha nne akasema amechoka kufungua maboksi, akabaki na watoto tulikokuwa. Kwa hiyo mzee wetu, kocha mkuu, alipotangaza kwamba anastaafu mwisho wa msimu, nami nikaitwa na mkurugenzi wa michezo wa chuo, nilikwenda mbio.

"Ni wewe au kocha wa ulinzi," mkurugenzi aliniambia. "Msimu tunaufungulia Sydney. Nitakuwepo, nitatazama."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Katika kazi hii, mtu aliyefika umri huo bila kupewa timu yake huwa anakufa msaidizi, na mimi sikutaka kufa msaidizi.

Kabla hatujaondoka, niwaeleze habari ya maneno, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata. Katika mchezo huu, mrushaji, yaani kijana anayeongoza mashambulizi uwanjani, huwapigia wenzake kelele neno la siri kabla mpira haujaanza kusogea. Neno hilo linawaambia waende upande gani. Wapinzani wako hatua mbili tu mbele yao, wametega masikio, ndiyo maana kila timu hutunga maneno yake: wengine majina ya miji, wengine vyakula. Miaka minane iliyopita, nikiwa chuo kidogo, nilichoka kutunga, nikawafundisha vijana Kiswahili. Kulia ikawa kulia. Kushoto ikawa kushoto. Juu maana yake mpira utarushwa mbali. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika jimbo lile kata nilikuwa mimi peke yangu. Hakuna aliyewahi kuifumbua. Waandishi walinipamba, kocha mwenye lugha ya ajabu, nami nakiri sifa zile nilizilewa.

Jumamosi jioni tukapanda ndege, vijana mia na wasaidizi wao, na nyuma yetu ndege nyingine ya matajiri wanaokichangia chuo. Jumapili yote ilipotelea hewani. Danny, mrushaji wetu, kijana wa miaka ishirini mwenye adabu kuliko makocha wengi niliowatumikia, alikaa kiti cha pembeni yangu akikariri karatasi ya mbinu zetu hadi usingizi ukamkuta nayo kifuani.

Jumatatu asubuhi tukatua. Wao wako kwenye baridi wakati sisi tuna joto, kwa hiyo tulishuka na fulana zetu tukapokewa na upepo unaokata. Siku mbili sikuona Sydney yoyote zaidi ya hoteli na nyasi za mazoezi. Watu husema makocha tumezunguka dunia. Tumezunguka vyumba vya hoteli.

Jumatano alasiri nikapewa nusu siku, nikapanda treni kwenda kitongoji cha Auburn kwa mdogo wangu Esta. Ameolewa na Bahati, Mkongo wa Uvira, wakaletwa huko na mpango wa wakimbizi, na miaka tisa sikuwa nimemwona. Alinipokea stesheni akiwa bado na sare ya kazi, maana anahudumia wazungu wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Tulipita maduka ya nyama ya halali na ya mikate inayotoka tanuru, akinionyesha kila duka na jina la mwenye nalo.

"Kaka, umekonda," alisema. "Wamarekani hawakulishi?"

"Wananilisha maneno."

"Basi leo utakula ugali, maneno utawaachia."

Bahati alirudi kutoka ghala la Smithfield anakopakia mizigo, akanikumbatia hata kabla ya kuvua buti. "Shemeji, ku kanisa bote banakungojea," alisema. "Banasema, mutu wetu ndiye anafundisha Bazungu mupira. Kesho utakuja utusalimie, hein?"

"Usimsikilize, kaka," Esta akadakia. "Aliyetangaza ni yeye, mpaka kwa wasiouliza."

Binti yao Neema, wa miaka kumi na moja, alinikalia mbele kwenye zulia. "Uncle, is it like rugby?"

"Mjibu mjomba kwa Kiswahili," mama yake akamwambia.

"I wasn't answering, I was asking."

Bahati akacheka kwa kuchoka. "Hawa batoto banasikia yote, shemeji. Yote kabisa. Lakini kinywani, Kiingereza tu. Tumebembeleza, tumegomba, bure."

Nilimwambia Neema kwamba Jumamosi atawasikia Wamarekani wakubwa wakisema Kiswahili kwa sauti kuu. Hakuamini. Mama yake pia hakuamini, na hilo likanichokoza.

Alhamisi jioni nilikuwa Lidcombe, kitongoji cha jirani, kwenye ukumbi ambao kanisa lao hukodi kwa ajili ya ibada. Wakongo na Warundi, viti vya plastiki, kinanda kimoja, ngoma moja, na kwaya ambayo ingeweza kuinua paa. Mchungaji aliniita mbele nisalimie. Ningesema Bwana asifiwe nikakaa. Badala yake niliwasimulia yote: kwamba timu ya chuo kikubwa cha Marekani huendeshwa kwa lugha yetu, na kwamba wakija uwanjani watasikia kulia, kushoto, juu, kwa masikio yao wenyewe. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa Kirundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kambini Tanzania walimu walimcheka kwa Kiswahili chake, na leo Wazungu wanakihitaji. Sijawahi kushangiliwa hivyo, na ninawaambia ukweli, usiku ule nililala kama mtoto aliyeshiba.

Ijumaa asubuhi nilimwomba mtumishi wetu wa tikiti nafasi sitini za wageni wangu. Akatazama orodha yake akasema nyuma ya benchi letu pamejaa, ni pa wale matajiri, ila upande wa pili zipo, safu za chini, nyuma ya benchi la wapinzani. Nilimshukuru. Nilifikiri, watu wangu watakuwa karibu, wataona vizuri. Kocha anayelipwa kufikiria hatua tatu mbele hakufikiria hata nusu.

Jumamosi saa sita mchana, uwanjani. Wenyeji wengi walikuja kutazama tamasha tu, hawakujua washangilie lini, kwa hiyo uwanja ulikuwa kimya kuliko tulivyozoea. Mara ya kwanza tulipopata mpira tulikwenda nao moja kwa moja hadi eneo la mwisho, bao. Kule chini, ng'ambo, niliona vitambaa vya kwaya vikipungwa. Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi nyuma yangu kwenye chumba cha kioo, alinigusa bega.

Kisha mambo yakaharibika. Danny akiita tu, wapinzani wanahama. Akiita kulia, wanajaa kulia kabla mpira haujaguswa. Akiita juu, walinzi wao wawili wanakimbilia nyuma. Mimi juu kule nyuma ya kioo sisikii kitu, naona tu. Nikadhani Danny anajifichua kwa kutazama kule anakotaka kwenda. Nikadhani kuna aliyetuuza. Katika wakati huo wote sikufikiria watu wangu hata mara moja.

Wakati wa mapumziko niliteremka chumba cha kubadilishia nguo, nikamwakia Danny mbele ya wenzake. Aliniachia nimalize. Halafu akasema taratibu, "Kocha, ni watoto. Kuna watoto nyuma ya benchi lao. Mimi nikisema neno, wao wanalisema kwa Kiingereza, wote kwa pamoja, wanashindana nani awahi. Kuna msichana mmoja mwenye sauti kali. *Left! He said left!* Makocha wao wameshaacha hata kututazama sisi, wanawasikiliza wale."

Chumba kizima kilinigeukia. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Watoto hao unawajua?" aliniuliza kocha mkuu.

Jibu la kweli lilikuwa jepesi. Ningesema ni wapwa zangu, ni watu wangu, nimewaleta mimi. Ningepanda ngazi, ningemwambia Esta neno moja, na Esta angeinyamazisha safu nzima kwa jicho. Dakika tano zingetosha. Lakini nilimwona mkurugenzi pale mlangoni, nikaona timu yangu ikiniponyoka kwa upumbavu nilioupanga mwenyewe.

"Siwajui," nikasema.

Mtu akishasema siwajui, hawezi tena kwenda kuzungumza nao. Ikabidi nitafute dawa nyingine, nikawaambia vijana kwamba kuanzia sasa kulia ni kushoto, na kushoto ni kulia. Walinitazama kama watu walioambiwa watembee kwa mikono. Wamefanya mazoezi ya maneno yale tangu mwanzo wa kiangazi, yameingia miguuni.

Shambulizi la kwanza baada ya mapumziko lilifaulu. Wapinzani walikimbilia upande usio na mtu. Shambulizi la pili, wazuiaji wawili wanaomkinga Danny walisahau, wakaenda kule walikozoea, na Danny akabaki uchi mbele ya watu watatu wenye uzito wa ng'ombe. Alipoinuka alikuwa ameushika mkono wake wa kurushia. Hakucheza tena msimu ule. Tuliobaki nao walidondosha mpira, wakagongana, wakapigizana kelele. Tulishindwa kwa aibu, na watoto waliendelea kutafsiri kwa furaha hadi mwisho, hata pale tafsiri ilipokuwa haimsaidii mtu yeyote.

Saa kumi alasiri tulitoka kwenda kwenye basi. Watu wa Lidcombe walikuwa wamejipanga nje ya uzio, kwaya nzima, wakiimba jina langu. Nilikuwa kati ya kocha mkuu na mkurugenzi. Neema alipenya akanishika kiunoni, uso umemwiva kwa baridi na raha.

"Mjomba!" akaniita, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kuniita hivyo. "Nilisikia yote. Yote! Tuliwasaidia?"

"Mmetusaidia sana," nilimwambia.

Bahati akanipiga mgongoni, "Shemeji, umetupa heshima ya kweli." Esta peke yake ndiye aliyenitazama usoni kwa muda mrefu, halafu akamvuta binti yake pembeni. Dada hudanganywa mara moja moja tu.

Jumapili tukaanza safari ya kurudi. Kocha mkuu alinipita kwenye ujia wa ndege akaegemea kiti changu. "Wanaimba vizuri," alisema, "wale watu usiowajua." Akaenda kulala. Danny alikuwa viti vitatu mbele, mkono umefungwa kifuani, na hakuna saa hata moja ya safari ile ambayo sikukitazama kisogo chake.

Nyumbani, wiki ya pili, mkurugenzi aliniita. Hakutaja Sydney, hakutaja watoto, alikuwa mpole kama daktari. Timu angepewa kocha wa ulinzi. Na kocha mpya huja na watu wake, hiyo ndiyo desturi, kwa hiyo mwisho wa msimu ningekuwa huru. Huru ndilo neno alilotumia. Nilimshukuru, kwa sababu katika kazi hii hata anayekufukuza hushukuriwa, huenda ukamwomba kazi kesho.

Esta alipiga simu siku chache baadaye. Alikuwa ameshajua kwamba cheo nimekikosa, sikumuuliza kajuaje. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba tangu siku ile watoto wa kanisani wanaitana kwa Kiswahili uwanjani kwao, na Neema humjibu baba yake kwa Kiswahili mezani, kibovu lakini Kiswahili, na Bahati nusura alie. "Kwa hiyo si hasara yote," alisema. Nilimwambia si hasara. Baada ya kukata simu nilikaa jikoni nikiwaonea wivu watoto wa mdogo wangu.

Mnataka kujua nilichojifunza. Kwa miaka minane nilijisifu kwamba nimekipeleka Kiswahili mbali. Uongo. Nilikuwa nakitumia pale tu palipokosekana mtu wa kukisikia, na riziki yangu yote ilisimama juu ya jambo moja: watu wangu wasiwe karibu. Walipokuja karibu, tena wakinipenda, niliwakana kwa neno moja, na cheo nilichowakania sikukipata.

Mwezi uliopita chuo kingine kiliniita, kidogo, kwenye nyanda za katikati ambako upepo hauishi. Wananitaka niwe kocha wa mashambulizi. Kocha wao aliniuliza kama bado nina ile lugha yangu, nikasema ninayo. Kabla sijampa jibu, nilifungua kompyuta nikatafuta kama mji ule una kanisa la watu wetu. Lipo moja, la Wakongo, linasali Jumapili saa tano. Nilipolisoma jina lake nilijikuta nasikitika kwamba lipo, na nilikaa pale mbele ya kioo cha kompyuta nikijiona mtu yule yule niliyekuwa.