Nilivyotangaza Ndoa ya Mume wa Dada Yangu

Nimewahi kusimama kanisani, kipaza sauti mkononi, nikatangaza ndoa ya shemeji yangu na mwanamke mwingine.

Shemeji, yaani mume wa dada yangu wa tumbo moja. Na dada mwenyewe alikuwa palepale, mstari wa mbele wa kwaya.

Kabla hujanitukana, subiri. Nilishajitukana vya kutosha.

Mimi ni karani wa kanisa. Napiga chapa barua na vyeti, natunza vitabu, na kila Jumapili nasoma matangazo. Kazi hiyo nimeizoea mpaka naweza kuifanya huku nawaza nguo nilizoanika nyumbani.

Sasa, anayechelewa kuleta tangazo huliweka juu ya mimbari, nami hulisoma mwishoni. Jumapili ile nikakuta karatasi moja, imechapwa vizuri, ina muhuri wa kanisa. Mimi nikiona muhuri nasoma, ndivyo nilivyofundishwa.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza."

Nikasoma majina matatu ya bwana harusi. Nikasoma na cheo chake. Nikasoma jina la bibi harusi. Nikamalizia kama kawaida: "Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi, pamoja na ushahidi, au asimame Jumapili ya tatu."

Ndipo akili ikanifikia.

Kulikuwa na mtoto analia kule nyuma tangu asubuhi, hata yeye alinyamaza.

Dada hakulia. Alifunga kitabu cha nyimbo, akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri kana kwamba analirudisha dukani, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilibaki pale juu na karatasi mkononi. Aibu kwanza. Hasira ikaja baadaye, na ilipokuja haikuondoka.

Ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na moja na watoto wawili. Shemeji alipopandishwa cheo kuwa mkubwa wa ofisi ya ardhi, alianza safari za kazi. Safari zikarefuka. Mwisho akahamisha na nguo. Sisi tulikuwa tunafunga na kuomba, tukisema ni kishetani tu kimempitia, atarudi. Kumbe mwenzetu yuko kwa fundi anapimwa suti.

Ibada ilipoisha nilimfuata Mchungaji ofisini. Hata kanzu alikuwa hajavua.

"Mchungaji, hii nini?"

"Funga mlango, mwanangu."

"Sifungi. Hii nini?"

Alivua miwani akaanza kuifuta.

"Baraza la wazee limekaa," akasema.

"Likaona nini? Yule ana mke. Wewe ndiye uliyewafungisha ndoa, hapo mbele, mimi nimeshika maua."

"Umeiona alama ya ukutani?"

Nani hakuiona? Barabara inapanuliwa, na ukuta wetu wa upande wa barabarani ulikuwa umepigwa X kubwa ya rangi nyekundu. Kanisa halikuwa na hati ya kiwanja. Miaka yote tulikuwa tunasema tutafuatilia. Na wa kusaini hati hiyo alikuwa mtu mmoja tu, shemeji yangu.

Nikaelewa yote.

"Kwa hiyo mmemtoa sadaka dada yangu ili ukuta ubaki."

"Usiseme hivyo. Nyakati zimebadilika, mwanangu. Mila zetu zinamruhusu mwanaume kuoa zaidi ya mmoja, na watu wote huko nje wanaishi hivyo. Kanisa lisipokwenda na watu, litabaki na viti."

"Na Mungu naye amebadilika?"

Akavaa miwani yake. "Halafu kwa mujibu wa kitabu, ndoa hiyo ya kwanza haipo. Kaangalie."

Kitabu cha ndoa kinakaa kwenye kabati la chuma. Funguo ni mbili tu. Mmoja anao Mchungaji, mwingine ninao mimi, nautundika kwenye msumari nyumbani, nyuma ya mlango. Nikafungua kabati. Nikapekua mpaka mwaka ule. Ndoa namba themanini na saba. Ndoa namba themanini na tisa.

Ya themanini na nane haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kazi safi ya mkono usiotetemeka.

"Umekata wewe," nikamwambia.

"Mimi sijakata kitu. Nimekuta hivyohivyo."

Nilicheka. Kile kicheko cha mtu anayetafuta kitu cha kurusha.

Cheti cha dada? Shemeji alikichukua mwaka uliopita, akasema kinahitajika kazini. Nakala ya serikali? Iko kwenye jengo lilelile la serikali anakotawala yeye. Alikuwa ameshapita kila mahali kabla yetu.

Utaniuliza, si watu walihudhuria harusi? Walihudhuria, tena walijaa mpaka nje. Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Mwalimu wa kwaya akasema siku ile alikuwa na homa. Mama wa mapambo, aliyefunga vitambaa kwenye kila kiti kwa mikono yake, akaniambia, "Harusi nimepamba nyingi, mdogo wangu, zinanichanganya." Watu wazima, wenye Biblia zilizochakaa kwa kusomwa, wote wamesahau siku moja. Walikuwa wanahitaji kisingizio tu, na kitabu kikawapa.

Nyumbani nikamkuta Baba ukumbini. Mama alishatangulia mbele za haki. Naishi na Baba, na sasa dada na watoto walikuwa wamehamia kwetu pia.

Baba ni mwashi mstaafu na mzee wa kanisa. Lile kanisa alilijenga yeye. Kila tofali la ule ukuta wenye X lilipita mkononi mwake, bila malipo, jioni baada ya kazi, wakati sisi tuko wadogo tunamletea maji.

"Baba, ulikuwepo kwenye kikao?"

"Mgongo ulinibana. Niliondoka mapema."

"Wamekata ukurasa wa dada."

Alikuwa ameikumbatia Biblia yake kwapani. Siku hizo hakuwa akiiacha mezani kama zamani, alitembea nayo mpaka bafuni. Nikajua mzee anaumia, anatafuta faraja.

"Mwachie Mungu, mwanangu," akasema.

"Mungu hana wembe, Baba."

Akaingia chumbani na Biblia yake.

Jumapili ya pili nilikataa kusoma. Mchungaji akasoma mwenyewe, haraka, macho chini. Ibada ilipotoka, shemeji akaja kunisalimia. Suti mpya, viatu vinang'aa.

"Shemeji, umeninunia?"

"Usiniite shemeji. Si unasema hukuoa kwetu?"

Akatabasamu. "Punguza hasira. Haya mambo ya kawaida siku hizi. Dada yako nitamtunza na watoto wangu nitawatunza."

"Utamtunza kama nani?"

"Ndoa ni karatasi. Karatasi iko wapi?"

Akanigonga begani kidogo, kama mtu anayempoza mtoto, akaenda kwenye gari lake. Niliosha lile bega kwa sabuni nilipofika nyumbani. Sitanii.

Lakini neno lile, karatasi, lilinikaa kichwani usingizini na kazini.

Jumatano, nikiwa napanga matangazo ya wiki, nikafungua daftari la matangazo. Kila tangazo la ndoa likishasomwa, msomaji analiandika mle, tarehe na majina, kisha anasaini. Mara tatu kwa kila ndoa. Huwa naandika bila kufikiri. Hakuna mtu anayelijali hilo daftari.

Mkono ukasimama hewani.

Kabla yangu, msomaji wa matangazo alikuwa nani? Baba. Yeye ndiye aliyenifundisha. "Usisome kitu usichoweza kukisaini," ndivyo alivyokuwa akiniambia.

Niliingia stoo, nikajifungia kwa ndani. Nilitoa majoho ya zamani, vinara, spika zilizokufa. Chini kabisa, ndani ya boksi la mishumaa, nikayakuta madaftari ya zamani, yamefungwa kamba. Panya walikuwa wamekula pembe. Nikapekua hadi mwaka ule.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Jina la shemeji, jina la dada, na pembeni, mara zote tatu, sahihi ya Baba, ile yenye mkia mrefu.

Nililia mle stoo kama mtoto. Halafu nikafuta machozi, maana nilikuwa na kazi ya Jumapili.

Sikumwambia mtu. Hata dada nilimwambia tu, "Jumapili njoo kanisani, vaa vizuri." Hata Baba sikumwambia, nilitaka kumfurahisha. Hapo ujue jinsi nilivyokuwa mjinga.

Jumapili ya tatu kanisa lilifurika. Shemeji alikaa mbele na bibi harusi wake, binti mpole mwenye gauni la bluu, aliyekuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Dada alikaa nyuma kabisa na wanawe. Nikamwambia Mchungaji leo nitasoma mimi, naye akafurahi kuutua mzigo.

Nikasoma yote, taratibu. Nikafika pale.

"Mwenye pingamizi asimame."

Nikashuka ngazi ya mimbari, nikageuka, nikasimama mbele yake kama muumini wa kawaida.

"Mimi ninalo."

Mchungaji akainuka nusu. "Binti, hapa si mahali pake."

"Ni mahali pake kabisa. Mmeuliza, najibu." Nikainua daftari. "Mtu huyu alitangazwa humu ndani mara tatu, na dada yangu. Tarehe zipo."

Shemeji hakugeuka hata. "Hilo daftari la shule," akasema. "Mtu yeyote anaweza kuandika."

"Sawa. Basi tumuulize aliyesaini." Nikamtafuta Baba kwa macho kwenye viti vya wazee. Nilikuwa na furaha, nisikufiche. Nilijua tumeshinda. "Baba, hii sahihi ni yako?"

Watu wakageuza shingo kumtazama.

Yeye alikuwa anautazama ukuta. Si mimi wala shemeji, ule ukuta wake.

Halafu akasimama.

"Sahihi ni yangu," akasema.

Watu wakaguna. Nami nikataka kusema asante Baba, lakini alikuwa bado anafanya kitu. Alikuwa anafungua Biblia yake. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua kwa vile vidole vyake vilivyopasuka kwa saruji.

"Na huu ndio ukurasa wenyewe. Niliukata mimi. Na lile tangazo la kwanza nililiweka mimi mimbarini."

Ufunguo nyuma ya mlango, kwenye msumari. Nyumba ileile. Mimi niko jikoni naimba nyimbo za Bwana, yeye anautwaa.

"Nilitaka nyumba ya Mungu isibomolewe," Baba akasema. "Wazee wenzangu waliniambia ukurasa mmoja tu. Nikaukata, lakini kuuchoma nikashindwa."

Nilimpigia kelele. Mbele ya kanisa zima, mimi binti, nilimpigia kelele baba yangu mzazi. "Nyumba ya Mungu ipi? Ile aliyokujengea Mungu imekaa pale nyuma na wajukuu wako, umeikata kwa wembe."

Aliniwekea ule ukurasa mkononi. Wiki mbili nilikuwa nimemlaumu Mchungaji kwa jambo ambalo hakulifanya. Ingawa naye alilikuta, akalifunika, akaenda mbele. Sijui nani hapo wa kumwita msafi.

Bibi harusi ndiye aliyetangulia kutoka. Alikuwa ameambiwa anaolewa na mtu asiye na mke, na kanisa zima lilimthibitishia. Alipofika kwa dada alisimama, akamshika mkono, kisha akatoka. Shemeji akamfuata nyuma huku anaita jina lake.

Wiki tatu baadaye mashine ikaja.

Hatukupata hati, bila shaka. Ukuta uliangushwa asubuhi moja, jengo likafuata, na kabla ya saa nne kulikuwa kumebaki vumbi. Baba alikuja na mwiko wake wa kujengea mkononi, sijui alifikiri ataufanyia nini. Alisimama upande wa pili wa barabara mpaka mwisho.

Nusu ya waumini walituacha. Wengine wakasema mimi ndiye niliyebomoa kanisa kwa mdomo wangu. Wananipita njiani wananikaushia, nami nawakaushia vilevile. Mchungaji aliomba uhamisho. Sasa tunasali kwenye ukumbi wa shule, watu sitini hivi, viti vya plastiki, na dada ndiye anayeongoza kwaya.

Nilimuuliza kama amemsamehe Baba.

"Nimemsamehe, mdogo wangu," akasema. "Lakini chai atachemsha mwenyewe."

Mimi bado. Naomba kila siku, na kila siku hasira inaniwahi. Baba siku hizi anakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, na ibada ikiisha anapanga viti peke yake. Wazee wenzake waliokaa naye kile kikao wao wameshapata kanisa lingine, lenye ukuta.

Ninachokuambia wewe unayesoma ni hiki. Wakija kukuomba ukurasa mmoja tu ili kanisa lisimame, jua kanisa lenyewe ndilo huo ukurasa. Sisi tuliutoa, na jengo lilianguka vilevile.

Namba themanini na nane nimeirudisha kitabuni kwa gundi. Mkato unaonekana ukifungua, umevimba kidogo, kitabu hakifungi sawasawa. Karani msaidizi tuliyempata ukumbini alitaka kuupunguza ukurasa kwa mkasi ukae vizuri.

Nikamwambia asiuguse.